Henry yupi? Mwongozo kamili wa kuwatofautisha wafalme na makabaila wa Ulaya waliochangia jina katika Zama za Kati

Krismasi moja mwanzoni mwa miaka ya 1170, Henry Kijana, mwana wa Mfalme Henry II wa Uingereza, alifanya karamu huko Bures, Normandy. Robert wa Torigni, abati wa Mont-Saint-Michel aliyekuwa akiandika matukio ya siku zake, anasimulia kwamba mabwana wawili, kila mmoja akiitwa William, walikaa kula katika chumba kimoja wakamtoa kila asiyeitwa William. Wapiganaji wapanda farasi waliobaki humo walizidi 100. Kina William wengine walikuwa ukumbini wakila na Henry Kijana.

Karamu hiyo inaonyesha ukubwa wa kazi iliyo mbele yetu. Koo kubwa za Ulaya zilikuwa na majina machache, na kila kizazi kiliyachota humo humo: mtoto alipewa jina la babu, la mjomba au la baba wa ubatizo. Sisi tuliopewa majina ya mababu zetu tunalielewa jambo hilo bila kufundishwa. Shida inaanza pale msomaji wa leo anapokutana na Charles, Pedro au Matilda peke yake kwenye sentensi, akakisia.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mwanafunzi, mtafsiri, na yeyote anayeandika historia kwa Kiswahili. Chukua daftari au jedwali la kompyuta.

Hatua ya 1: Mfungulie kila mtu kadi yake

Kabla ya kutafuta chochote, andika unayoyajua kwa mpangilio huu: mwaka wa tukio, mahali alipotawala, baba yake, mama yake, mke au mume wake, lakabu yake. Namba (wa kwanza, wa pili, wa tatu) iandike mwisho kabisa, tena kwa penseli. Watu wengi hufanya kinyume: wanaanza na namba na kuiamini. Hatua ya tatu itaonyesha kwa nini namba ndiyo kitu cha kuaminiwa baada ya vingine vyote.

Mwaka huondoa watu wengi mara moja. Ukisoma kwamba Kaisari Frederick alizama mtoni akiwa njiani kwenda Yerusalemu, na mwaka ni 1190, huyo ni Frederick I, yule aliyeitwa Barbarossa, yaani mwenye ndevu nyekundu. Frederick II alikuwa mjukuu wake, na alifariki mwaka 1250.

Lakini kuna nyakati ambazo mwaka hausaidii hata kidogo. Kati ya mwaka 1357 na 1367, rasi ya Iberia ilikuwa na wafalme watatu walioitwa Pedro, wote wakitawala kwa pamoja: Pedro I wa Castile, Pedro I wa Ureno, na Pedro IV wa Aragon. Yule wa Castile na yule wa Aragon walipigana vita virefu vilivyoanza mwaka 1356, na hadi leo vinaitwa Vita vya Pedro Wawili. Yule wa Ureno alikuwa mjomba wa yule wa Castile. Maria, mama wa Pedro wa Castile, alikuwa dada yake. Hapa Kiswahili kinatupa faida, kwa sababu neno "mjomba" linakwambia papo hapo kwamba undugu unapita kwa mama. Andika hivyo kwenye kadi, usiandike "ndugu" tu.

Hatua ya 2: Jua jina linavyobadilika sura

Mtu mmoja anaweza kuwa na majina manne kwenye vitabu vinne, naye ni yule yule. Henry ni Heinrich kwa Kijerumani, Henri kwa Kifaransa, Enrique kwa Kihispania, Henrique kwa Kireno. William ni Guillaume, Wilhelm, Guglielmo. Charles ni Karl, Karel, Carlos. James, ambaye kwenye Biblia yetu ni Yakobo, ni Jacques kwa Wafaransa na Jaime kwa Waaragon. Matilda mara nyingi huandikwa Maud, na wasomaji wengi hudhani ni wanawake wawili.

Louis anahitaji uangalifu zaidi. Louis, Ludwig na Clovis ni jina moja la kale la Wafranki lililochakaa kwa njia tofauti. Hata hivyo wafalme walioitwa Clovis hawamo katika hesabu ya akina Louis. Hesabu hiyo huanza na Louis Mcha Mungu, mwana wa Charlemagne, aliyemrithi baba yake mwaka 814.

Katika maandishi ya Kiswahili utakuta pia Karolo Mkuu kwa Charlemagne, na Mtakatifu Ludoviko kwa Louis IX wa Ufaransa. Hayo ni majina halali, yameingia kupitia kanisa. Kosa ni kumwita Ludoviko ukurasa wa kwanza na Louis ukurasa wa tatu bila kusema ni mtu mmoja. Chagua moja, la pili litaje mara moja tu, kisha songa mbele.

Hatua ya 3: Namba ni ya kiti, si ya mtu

Ukishika hatua moja tu katika mwongozo huu, shika hii.

Mfalme hakuzaliwa na namba. Namba inasema ni mtu wa ngapi mwenye jina hilo kuketi kwenye kiti fulani. Akiwa na viti vitatu, anaweza kuwa na namba tatu. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Baldwin wa Flanders. Kama kabaila wa Flanders alikuwa Baldwin IX. Kama kabaila wa Hainaut, jimbo la jirani, alikuwa Baldwin VI. Mwaka 1204, wapiganaji wa msalaba walipouteka mji wa Konstantinopoli, walimchagua kuwa kaisari, na kwenye kiti hicho akawa Baldwin I. Mwili mmoja, namba tatu. Mwaka uliofuata alitekwa na Wabulgaria karibu na Adrianople, hakurudi tena. Mwaka 1225 alizuka mzee mmoja Flanders akidai kuwa ndiye, akapata wafuasi wengi kabla ya kugunduliwa na kunyongwa. Kwa hiyo hata baada ya kuzipanga namba zake, unabaki na Baldwin wa uongo wa kumwekea kadi yake.

Pedro IV wa Aragon naye kwa hesabu ya Wakatalunya ni Pere III. Sababu yake ni rahisi ukiijua: Aragon ilikuwa na mfalme Pedro I (1094–1104) kabla haijaungana na nyumba ya makabaila wa Barcelona, na kwa Barcelona huyo hakuwa mtawala wao. Ukisoma kitabu kilichoandikwa Barcelona na kingine kilichoandikwa Zaragoza, namba zitapishana kwa moja, na vitabu vyote viwili vitakuwa sahihi.

Kinyume chake pia kipo: namba moja, watu wawili. Charles III katika orodha ya makaisari ni Charles Mnene, aliyetawazwa kaisari mwaka 881 na kuondolewa madarakani mwaka 887. Charles III katika orodha ya wafalme wa Ufaransa ni mtu mwingine, yule aliyepewa lakabu ya Simplex, yaani mnyoofu, aliyetawazwa mwaka 893. Wote ni wa ukoo wa Charlemagne, na kati ya kuanguka kwa mmoja na kutawazwa kwa mwingine kuna miaka sita tu. Ukiandika "Charles III" bila kutaja kiti, hujasema kitu.

Na kuna Charles IV wawili waliojuana uso kwa uso. Mwana wa mfalme wa Bohemia aliyezaliwa mwaka 1316 alibatizwa Wenceslas. Akiwa mdogo alipelekwa kulelewa Paris, ambako shangazi yake Marie alikuwa ameolewa na Charles IV wa Ufaransa. Huko, kwenye kipaimara, mtoto akachukua jina la mume wa shangazi yake. Alipokua akawa Kaisari Charles IV, aliyeanzisha chuo kikuu cha Prague mwaka 1348. Aliyetoa jina na aliyelipokea wote wakaishia na namba nne, kila mmoja kwa kiti chake.

Kwa hiyo kanuni ya kuandika ni: jina, namba, kiti. "Charles IV wa Ufaransa." "Kaisari Charles IV." Usiache kiti hata kama unadhani msomaji anajua.

Hatua ya 4: Uliza hesabu ilianzia wapi

Edward I wa Uingereza (1272–1307) alikuwa Edward wa nne. Kabla yake kulikuwa na Edward Mkubwa, Edward Mfiadini, na Edward Muungamishi aliyefariki Januari 1066. Hesabu ya Waingereza ilianza upya baada ya uvamizi wa Wanormandy mwaka huo wa 1066. Wale watatu wa kale hutambuliwa kwa lakabu peke yake, kwa hiyo usijaribu kuwapa namba.

Uswidi walifanya kinyume kabisa. Mfalme wao wa karne ya 12, Charles mwana wa Sverker, anaitwa Charles VII, ilhali ndiye Charles wa kwanza anayejulikana kwa hakika kwenye historia yao. Sita waliomtangulia walitoka kwenye historia ya kubuni iliyoandikwa karne ya 16, nao wafalme wa baadaye wakaifuata hesabu hiyo. Usipoteze muda kuwatafuta Charles I hadi VI wa Uswidi.

Ukikutana na namba ndani ya mabano, kama Henry (VII) wa Ujerumani, usiyafute ukidhani ni makosa ya uchapaji. Huyo ni mwana wa Frederick II, aliyefanywa mfalme akiwa mtoto mwaka 1220, akaasi, akavuliwa ufalme na baba yake mwaka 1235. Baadaye Henry wa Luxembourg, aliyechaguliwa mwaka 1308, akaitwa Henry VII bila kumhesabu yule. Mabano ndiyo yanayowatenganisha.

Wengine hawana namba kabisa. Stephen na John wa Uingereza hawana, kwa kuwa hakuna aliyerudia jina kwenye kiti hicho. Henry Kijana, mwenye karamu ya kina William, alitawazwa mwaka 1170 baba yake angali hai, lakini alifariki mwaka 1183 kabla ya kurithi, na orodha ikamruka.

Jambo la mwisho hapa: mtu anaweza kubadilisha jina anapoketi. John Stewart wa Uskoti alipokuwa mfalme mwaka 1390 aliliacha jina la John, lililonuka bahati mbaya kwa sababu ya Mfalme John Balliol aliyevuliwa taji karibu karne nzima kabla yake. Akatawala kama Robert III. Ukimtafuta kabla ya mwaka huo kwa jina la Robert humpati.

Hatua ya 5: Lakabu itumie, ila usiitegemee peke yake

Lakabu nyingi zilitolewa na watu wa baadaye, na nyingine zilitolewa na maadui. Turudi kwa Pedro wa Castile. Wafuasi wa Henry wa Trastámara, ndugu yake wa baba mmoja aliyemuua huko Montiel mwaka 1369, walimwita Mkatili. Waliomtetea walimwita Mwenye Haki. Sasa angalia mjomba wake, Pedro wa Ureno: naye anaitwa Mkatili, naye anaitwa Mwenye Haki. Pedro I wawili, wanatawala kwa pamoja kwa miaka kumi, mjomba na mpwa, wenye lakabu zile zile mbili. Kinachowatenganisha ni kiti na wazazi, basi.

Ufaransa nako Philip Jasiri ni wawili: Mfalme Philip III (1270–1285), na Philip mtawala wa Burgundy (1363–1404).

Angalia pia tafsiri. Simplex ya Charles III wa Ufaransa haikumaanisha mjinga. Ilimaanisha mtu mnyoofu, asiye na hila. Nimeiona imetafsiriwa "Charles Mjinga" na inaniumiza, kwa sababu msomaji anapewa hukumu ambayo haikuwemo kwenye neno.

Hatua ya 6: Makabaila wasio na namba

Hapa ndipo watu huanguka zaidi, na mimi nilianguka. Niliwahi kuandaa maelezo ya somo nikaandika kwamba Simon de Montfort aliongoza vita dhidi ya Wakathari, Wakristo ambao kanisa liliwaona wazushi, kusini mwa Ufaransa, kisha akaitisha bunge Uingereza. Ni baba na mwana. Simon baba aliuawa kwa jiwe lililorushwa kutoka ndani ya mji wa Toulouse alipouzingira mwaka 1218. Simon mwana, kabaila wa Leicester, ndiye aliyeitisha bunge la Januari 1265, akauawa vitani Evesham tarehe 4 Agosti mwaka huo huo. Wote wawili walikufa vitani, ndiyo maana kosa linapita bila kushtukiwa.

Dawa ni kuuliza umri. Chukua mwaka wa tukio la kwanza na la mwisho unayompa mtu mmoja, kisha jiulize kama maisha ya binadamu yanatosha. Simon baba alikuwa tayari mpiganaji mzima mwanzoni mwa miaka ya 1200. Kumpeleka hadi 1265 ni kumfanya apigane akiwa na miaka zaidi ya 80.

Robert Bruce ni watatu mfululizo. Babu ndiye aliyedai ufalme wa Uskoti kwenye shauri la 1291–1292 na kushindwa na John Balliol, akafa mwaka 1295. Baba alifariki mwaka 1304. Mjukuu ndiye aliyetawazwa Scone mwaka 1306 na kushinda Bannockburn mwaka 1314. Wote waliwahi kuitwa "Robert Bruce, bwana wa Annandale" au kudai kuitwa hivyo, kwa hiyo cheo hakitoshi. Tarehe za vifo ndizo zinazoamua, ziandike kwenye kadi kwa wino.

Ila tarehe nazo zinaweza kukwama. Mwaka 1322 Roger Mortimer wawili walifungwa pamoja katika Mnara wa London. Mmoja alikuwa wa Wigmore, mwingine wa Chirk, baba yake mdogo. Wa Wigmore alitoroka mwaka 1323, akarudi na Malkia Isabella kumwangusha Edward II, na mwishowe akanyongwa mwaka 1330. Wa Chirk alifia kifungoni mwaka 1326. Hao hutenganishwa kwa jina la mahali. Usilikate jina la mahali kwa ajili ya kufupisha sentensi.

Hatua ya 7: Soma vyeo kwenye hati yenyewe

Mfalme Henry II hakujiita "wa pili" kwenye hati zake. Aliandika *Henricus rex Anglorum*, au H. tu, kama babu yake Henry I. Utawajuaje? Soma maneno yanayofuata. Ukiona *et dux Normannorum et Aquitanorum et comes Andegavorum*, mtawala wa Normandy na Aquitaine na kabaila wa Anjou, huyo ni Henry II. Aquitaine aliipata kwa kumwoa Eleanor mwaka 1152, na Anjou aliirithi kwa baba yake Geoffrey. Henry I hakuwahi kuwa na hizo mbili.

Ukiona *dominus Hibernie*, bwana wa Ireland, umeshuka kwa Henry III au baada yake. Henry III mwenyewe unaweza kumgawa vipande viwili: kwa mkataba na Ufaransa wa mwaka 1259 aliachia madai ya Normandy na Anjou, na majina hayo yakatoka kwenye vyeo vyake. Ukiona *rex Anglie et Francie*, ni Henry IV kuendelea.

Akina Edward watatu waliofuatana waliwachosha hata makarani wao. Wa kwanza na wa pili wana vyeo vinavyokaribiana mno, hivyo Edward II aliandikwa "Edward mwana wa Mfalme Edward". Wa tatu akaandikwa *tercius post conquestum*, wa tatu baada ya uvamizi. Hapo unaiona namba ikizaliwa kwa sababu ya kazi: karani anataka hati ya mwaka wa tano wa Edward isichanganywe na nyingine.

Hatua ya 8: Zoezi, Matilda wa mwaka 1141

Chukua sentensi hii: "Mwaka 1141 Matilda aliongoza majeshi yake katika vita vya kugombea taji la Uingereza." Yupi?

Fungua kadi. Mwaka huo kuna wawili, pande mbili za vita moja. Wa kwanza ni binti wa Henry I, mjane wa Kaisari Henry V, kisha mke wa Geoffrey wa Anjou. Wa pili ni Matilda wa Boulogne, mke wa Mfalme Stephen. Mama zao walikuwa dada wa tumbo moja, mabinti wa mfalme wa Uskoti, na mama wa yule wa kwanza naye aliitwa Matilda. Namba hakuna. Lakabu hakuna ya kuaminika. Kiti ndicho kinachogombewa.

Uliza mwezi. Februari 1141 Stephen alitekwa Lincoln, na upande wa binti wa Henry ukawa juu. Mwezi Juni watu wa London walimfukuza kabla hajatawazwa. Septemba, huko Winchester, jeshi la malkia, mke wa Stephen, lilimzingira binti wa Henry na watu wake waliokuwa wamemzingira askofu wa mji. Kwa hiyo Matilda anayezidiwa Winchester na Matilda anayeshinda Winchester ni watu wawili katika siku moja.

Kisha nenda kwenye hati. Mmoja anajiita *imperatrix*, kaisari wa kike, binti wa Mfalme Henry, na *Anglorum domina*, bibi wa Waingereza. Mwingine ni *regina*, malkia. Maneno hayo mawili yanamaliza ubishi. Andika "Matilda binti wa Henry I" na "Malkia Matilda, mke wa Stephen", na ushike majina hayo kuanzia mwanzo wa makala hadi Novemba, pale Stephen alipoachiliwa kwa kubadilishana na Robert wa Gloucester, aliyekamatwa akiufunika mkia wa msafara wakati dada yake, binti wa Henry, akitoroka.